Mshtakiwa Hakusema Neno

Nestory Chaula alitangulia kusema, na alisema vizuri kiasi kwamba Subilaga Mwankemwa, aliyekuwa akingoja zamu yake upande wa pili wa jukwaa, alianza kupanga upya karatasi zake.

Ulikuwa mdahalo wa mwisho wa mwaka katika Chuo cha Sheria cha Nyanda za Juu, pale Iringa, na ukumbi ulifurika hadi madirishani. Mada ilibandikwa ukutani kwa herufi ambazo hata waliosimama nje waliweza kuzisoma: Sauti isiyo na muhuri isibebwe na chombo chochote. Serikali ilikuwa inaandaa muswada wa jambo hilo hilo. Mstari wa mbele, katikati ya maprofesa, aliketi mgeni kutoka wizarani, wakili aitwaye Bi Shemdoe, ambaye tangu aingie hakuwa amecheka wala kupiga makofi.

"Wanatuambia muhuri ni kitu kidogo," Nestory alisema. "Unakwenda ofisi ya kata, unasoma ukurasa mmoja mbele ya mashine, mashine inashika umbo la koo lako, pumzi yako, namna ulimi wako unavyogonga meno. Basi, umesajiliwa. Kuanzia hapo kila kipaza sauti nchini, iwe simu ya bibi yako au redio ya taifa, kikisikia mtu anaongea kitaiuliza sajili: huyu nani? Sajili ikijibu, sauti inapita. Isipojibu, chombo kinakaa kimya. Hakipigi kelele, hakitoi onyo. Kimya tu. Sasa mimi nina swali moja, waheshimiwa majaji. Siku sajili itakapoambiwa isijibu, na mtu yuko kule anaongea, nani atajua kwamba ameongea?"

Vijana wa mwaka wa kwanza walipiga meza. Nestory akasubiri watulie.

"Katiba haikusema kila mtu aliyesajiliwa ana uhuru wa kutoa maoni yake. Imesema kila mtu."

Akaketi. Subilaga alisimama na karatasi zake mkononi. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na hukumu za nchi za jirani, alikuwa na hoja za mipaka ya haki na masilahi ya umma. Alizitazama, akaziweka mezani kifudifudi.

"Baba yangu alikuwa bwana mifugo," alianza.

Wengi walijua habari hiyo kwa kuisikia chinichini, lakini hakuna aliyewahi kumsikia mwenyewe akiitaja.

"Alichanja ng'ombe wa watu tangu sijazaliwa. Mwaka juzi sauti yake ilisambaa kwenye simu za kijiji kimoja alikokuwa anakwenda kuchanja. Ilikuwa sauti yake kabisa. Ilikohoa kama yeye, ilichanganya Kinyakyusa na Kiswahili kama yeye. Ilikuwa inamnong'oneza mtu kwamba dawa ile ikiingia kwa ng'ombe inahamia kwenye maziwa, na watoto wakiyanywa hawatazaa. Baba hakuwahi kusema maneno hayo. Kuna mtu aliyaunda, akiwa ameketi mahali na kompyuta. Baba alipofika kijijini asubuhi ile, na koti lake na boksi lake la chanjo, alijaribu kuwaeleza. Aliwaomba wamsikilize. Wakamjibu, tumeshakusikia. Hakutoka kijijini pale akiwa hai."

Alimgeukia Nestory.

"Msomi mwenzangu anauliza nani atajua kwamba mtu ameongea. Na mimi namuuliza: baba yangu aliongea kwa mdomo wake, mchana, mbele ya watu waliomjua kwa jina. Nani alimsikia? Tunalilia uhuru wa sauti, lakini sauti isiyo na mwenyewe haiwezi kudai haki yoyote, maana hakuna mtu wa kupewa haki hiyo. Wala hakuna wa kushtakiwa."

Walisimama wote, isipokuwa mmoja. Hata wale vijana wa mwaka wa kwanza walisimama. Bi Shemdoe alimfuata pembeni watu walipokuwa wakimpongeza.

"Ile sentensi ya sauti isiyo na mwenyewe umeitoa kitabu gani?"

"Ni yangu, mama."

"Vizuri," alisema Bi Shemdoe, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ukimaliza masomo njoo unione."

Nestory alimkuta kantini, kwenye chai. Walikuwa marafiki tangu wiki ya kwanza ya chuo, waliwahi kugawana godoro moja wakati wa mitihani, kulala kwa zamu, na vitabu vya kuazima, na kulikuwa na kipindi ambapo kila mtu chuoni alidhani wangeoana.

"Hongera," alisema, akavuta kiti.

"Hukusimama."

"Nilikuwa natafuta cha kukujibu, nikakosa. Si kwa sababu uko sahihi, Subi. Ni kwamba hakuna anayeweza kubishana na marehemu."

Subilaga aliweka kikombe chini. "Unataka kusema nimemtumia baba yangu kushinda mdahalo?"

"Hapana. Wewe ulikuwa unamlilia. Nasema wale waliokuwa wamekaa mstari wa mbele ndio watakaomtumia."

Subilaga hakumaliza chai. Walisalimiana baada ya hapo, lakini mitihani ilipofika kila mtu alilala kwenye godoro lake.

*

Sheria ya Muhuri wa Sauti ilipita mwaka uliofuata, na sentensi ya Subilaga ilikuwa kwenye dibaji yake, bila jina la mwenyewe. Bi Shemdoe alitimiza ahadi. Alimpa Subilaga meza wizarani na kazi ya kusaidia kuandika kanuni, na Subilaga aliifanya kwa moyo wote. Kanuni moja ilisema kwamba mtu akishtakiwa kwa kosa la sauti, muhuri wake usimamishwe mpaka shauri liishe, asije akapiga simu kuvuruga mashahidi. Nyingine ilihusu mahakama. Vyumba vya mahakama vilikuwa vimefungiwa vipaza sauti vipya, na mfumo uliandika wenyewe kila kinachosemwa, tena haraka na bila kukosea. Kanuni ikasema kumbukumbu ya mfumo ndiyo kumbukumbu pekee ya shauri. Hakimu asiandike kwa mkono, maana huko nyuma mahakimu walikuwa wakiandika wanachotaka. Hakuna aliyekaa akazisoma kanuni hizo mbili kwa pamoja. Subilaga naye hakuzisoma hivyo.

Halafu alikamatwa Gwakisa.

Alikuwa kijana wa kutengeneza simu pale Tukuyu, si mbali na kwao Subilaga. Alipokwenda kusajili sauti yake kama watu wengine, mashine ilitambua pumzi yake chini ya sauti ya kughushi ya bwana mifugo. Alikuwa ameyasema maneno yale kwanza kwa koo lake mwenyewe, ndipo kompyuta ikayavika sauti ya mzee. Kesi ikasikilizwa Mbeya. Mama yake Subilaga, Tusekile, alikataa kwenda. Alisema hataki kumwona mtu yule akiwa hai. Subilaga mwenyewe alikuwa Dar es Salaam kwenye mitihani ya uwakili, na alisubiri hukumu kama mtu anayesubiri mvua. Ilipotoka, alipanda basi hadi nyumbani akamsomea mama yake sebuleni, neno kwa neno. Gwakisa alifungwa miaka thelathini.

"Hapo pa kujitetea," mama yake alisema. "Rudia hapo."

"Mshtakiwa alipopewa nafasi ya kujitetea, hakusema neno."

"Hata pole?"

"Hata pole, mama."

Mama Subilaga alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. "Moyo wa mtu huyo," alisema. "Moyo wake ni wa namna gani?"

Kwa miaka mingi aliwaambia watu habari hiyo kanisani na misibani: aliyemuua mume wangu alisimamishwa mbele ya hakimu akaulizwa, akakaa kimya kama gogo. Ilimsaidia. Ilikuwa rahisi kumchukia mtu wa namna hiyo.

*

Nestory hakwenda wizarani wala mahakamani. Alianzisha kituo kidogo cha redio Makambako, na kipindi chake cha mchana kilisikika mpaka Njombe na Mafinga. Katika muda huo mihuri ilikuwa imeanza kusimamishwa kwa sababu nyingi. Mwalimu aliyelalamikia mtihani. Mkulima wa chai aliyemtukana meneja. Mwanamke aliyegombana na diwani. Kila mmoja alikuwa "chini ya uchunguzi", na akipiga simu, aliyepokea alisikia ukimya, akadhani ni mtandao. Watu hao walimwandikia Nestory, naye akawasomea maneno yao hewani kwa sauti yake mwenyewe iliyosajiliwa. Ndilo kosa alilokamatiwa: kuazimisha muhuri.

Subilaga, aliyekuwa sasa wakili wa serikali Iringa, alimwendea mkuu wake kuomba asipewe jalada hilo.

"Nimesoma naye, bosi. Ni rafiki yangu."

"Ndiyo maana nakupa wewe," alisema mkuu wake. "Unajua anavyofikiri."

Alijiambia kwamba akilishika yeye ataweza kuomba adhabu ndogo. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na pengine alikuwa anaamini.

Siku ya utetezi Nestory alisimama kizimbani bila wakili. Alikuwa amekonda, lakini bado alikuwa na ile tabia ya kungoja watu watulie kabla hajaanza. Aliongea kwa muda mrefu. Aliongea habari za yule mwalimu na yule mwanamke, akaeleza kwa nini aliwasomea barua zao, akataja vifungu vya Katiba kwa kichwa. Subilaga alikuwa akimsikiliza kama zamani, akitafuta pa kumshika, na karibu akasahau yuko wapi. Ndipo alipoinua macho kwenye skrini ya kumbukumbu iliyoning'inia juu ya kiti cha hakimu.

Maneno ya hakimu yalikuwepo, na swali la mwisho la Subilaga mwenyewe lilikuwepo na alama zake zote za uandishi. Chini ya jina la Nestory hapakuwa na kitu. Nafasi nyeupe ilikaa pale huku mtu akiongea. Nestory alipomaliza na kukaa chini, mfumo ulisubiri kidogo, kisha ukaandika mstari mmoja: Mshtakiwa hakusema neno.

Subilaga hakumfikiria Nestory kwanza. Alifikiria sebule ya mama yake.

Akasimama. "Mheshimiwa hakimu, mfumo haujachukua utetezi wa mshtakiwa."

"Nimeona," alisema hakimu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya uchovu. "Muhuri wake umesimamishwa. Kipaza sauti hakimpokei."

"Lakini amejitetea. Sote tumemsikia."

"Wakili, kanuni inasema kumbukumbu ni ile ya mfumo, na mimi siruhusiwi kuandika hata nukta kwa kalamu. Kama sikosei ninyi serikali ndio mlioiandika. Sasa serikali inaniomba niivunje?"

Nestory alikuwa akimtazama Subilaga. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama anayengoja jibu la swali alilouliza miaka iliyopita kwenye jukwaa la chuo.

"Hapana, Mheshimiwa," Subilaga alisema, akakaa.

Nestory alihukumiwa siku hiyo hiyo. Hukumu ilisema hakuwa na la kujitetea.

*

Nestory alipokata rufaa, Subilaga alikwenda Tukuyu kwa mama yake. Alimkuta nyuma ya nyumba akimenya ndizi za mchana, akavuta kigoda akamsaidia.

"Mama, kuna kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ya Nestory."

"Yule mwembamba aliyekuja msibani?"

"Ndiyo. Alijitetea mbele yangu, na kumbukumbu inasema hakujitetea. Nikisimama nikasema nilimsikia, ataachiwa. Lakini kesi zote za namna ile zitafunguliwa upya. Zote zilizosikilizwa mtu akiwa hana muhuri."

Mama yake aliacha kumenya. Hakuwa mtu wa shule nyingi, lakini mambo ya maana hayakuwahi kuhitaji kurudiwa mbele yake. "Na ya Gwakisa."

"Na ya Gwakisa. Anaweza kutoka."

"Aje apite hapa barabarani, akisalimia watu?"

"Sijui, mama. Inawezekana."

"Kwa sababu rafiki yako hakuandikwa."

Kulikuwa na jambo jingine, ndilo lililomtoa Iringa, na Subilaga alikuwa amelishika ulimini tangu alipoteremka kwenye basi: kwamba huenda na Gwakisa alisema. Alimtazama mama yake, mikono yake iliyojaa utomvu wa ndizi, akaona kwamba akimwambia hilo atamnyang'anya kitu pekee ambacho sheria ile ilimpa. Akachukua ndizi nyingine.

"Nimezeeka, Subilaga," mama yake alisema hatimaye. "Kama una la kusema juu ya mtu yule, ngoja nife kwanza. Sikuombi kingine."

Alirudi Iringa bila kulala nyumbani.

*

Mahakama Kuu ilisikiliza rufaa asubuhi, mbele ya Jaji Kisoka. Wakili wa Nestory alikuwa kijana aliyejitolea, aliyesoma vizuri lakini hakuwa na pa kushika. Kila alipoanza kueleza mteja wake alisema nini, jaji alimrudisha kwenye mwenendo wa shauri.

"Unaniomba niamini kitu ambacho hakipo kwenye kumbukumbu, wakili. Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, Mheshimiwa Jaji."

Jaji alimgeukia Subilaga. "Wakili wa serikali ulikuwepo. Serikali inasemaje? Mrufani alijitetea au hakujitetea?"

Jibu la kawaida alilijua kila mwanasheria chumbani: kumbukumbu inajieleza yenyewe, Mheshimiwa. Wala halikuwa uongo. Mkuu wake alikuwa nyuma yake, amekunja nne, akingoja alitamke waende wakanywe chai. Subilaga aliliandaa jibu lile mdomoni. Alimwona mama yake akimenya ndizi. Alimwona baba yake, na boksi lake, akiwaomba watu wamsikilize, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwona kwa namna ile aliyomwona hapo, kwa sababu safari hii yeye mwenyewe alikuwa amesimama upande wa wale watu.

"Alijitetea," alisema.

Kwenye skrini neno likatokea.

"Aliongea kwa muda mrefu. Nilikuwa umbali wa meza moja. Mheshimiwa Jaji akiruhusu, nitaeleza alichosema."

"Wakili, hapo umesimama kama wakili au kama shahidi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Lakini nilisikia, na sauti yangu inaandikika."

Jaji alivua miwani. Alifikiri kwa muda ambao mkuu wa Subilaga aliutumia kutafuna mdomo wake, kisha akainamisha kichwa kumruhusu.

Alianza na yule mwalimu, akaendelea na mwanamke aliyegombana na diwani. Alisema kwamba mrufani alidai barua zile zilikuwa na wenyewe, zina majina na sahihi, na kwamba aliyezifanya zisiwe na mwenyewe ni sajili.

"Sikusema sajili," Nestory alidakia kutoka kizimbani. "Nilisema waziri."

Skrini haikuandika kitu. Subilaga alimtazama, akageuka kwa jaji. "Mrufani anasema alisema waziri."

Skrini ikaandika. Ukumbi ukachangamka, na jaji akagonga meza. Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, mmoja akiongea hewani na mwenzake akiyashika maneno yake na kuyaweka kwenye kumbukumbu. Mahali fulani Nestory aliongea kwa kirefu na Subilaga alishindwa kukumbuka yote; alirudia nusu, nusu nyingine ikapotea, na aliona usoni mwa Nestory kwamba ile iliyopotea ndiyo aliyoipenda. Mkuu wake alikwishaondoka.

Hukumu ya Kisoka ilimwachia Nestory na kuamuru mashauri yote ya watu waliosimamishiwa mihuri yasikilizwe upya. Nje, kwenye ngazi, Nestory alimpa mkono.

"Asante," alisema.

"Nilichelewa."

"Ndiyo." Hakulipunguza makali. "Na unajua kinachoniuma? Mimi niliongea maneno yale yale. Leo wamekusikia wewe. Mimi bado hakuna aliyenisikia."

Alishuka ngazi na wakili wake kijana. Hawakuonana tena.

Asubuhi iliyofuata Subilaga alimpigia mama yake simu, amweleze mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Simu ilipokelewa.

"Haloo?" alisema mama yake. "Haloo? Nani?"

"Mama, ni mimi."

"Haloo? Mbona husemi?" Halafu akasema pembeni, kwa mtu aliyekuwa naye, "Mtandao huu," akakata.

Subilaga alibaki na simu sikioni. Barua ya kuachishwa kazi ilikuja baadaye, lakini hiyo haikumwambia lolote jipya.

*

Alikwenda Mbeya kumtafuta Gwakisa kabla shauri lake halijapangiwa hakimu. Hakujua anakwenda kumwambia nini. Getini kwa gereza, askari mmoja alilitafuta jina daftarini mara mbili, akamwita mwenzake, wakaongea kidogo, kisha akarudi.

"Huyo alifariki, dada. Mwaka jana, nimonia. Ndugu zake walikuja wakamchukua, walitaka wamzike kimyakimya."

Alizunguka mji akiwa kama amepigwa kichwani. Jioni alipata nyumba ya Bi Salome Haule, aliyekuwa karani wa mahakama ile wakati wa kesi na sasa amestaafu. Mama yule alimkaribisha vizuri, akamwekea chai, akafurahi kupata mgeni. Subilaga alipotaja jina la Gwakisa uso wake ulibadilika.

"Namkumbuka. Kijana mweupe mweupe hivi. Alilia sana."

"Alilia? Kwa hiyo alisema kitu."

"Alisema, mwanangu! Aliongea mpaka hakimu akamwomba afupishe. Alisema anaomba radhi kwa mke wa marehemu, alimtafuta kwa macho mle ndani, akaambiwa hakuja. Akasema yeye hakuwa na ugomvi na yule mzee. Ametumwa. Akamtaja aliyemtuma."

Subilaga aliweka kikombe. "Alimtaja nani?"

"Mtu wa huko huko kwenu Tukuyu. Mwenye duka la dawa za mifugo, au alisema mwenye ng'ombe wengi... Alitaja jina." Bi Salome alifumba macho, akakunja uso, na Subilaga alisogea ukingoni mwa kiti. Mama yule akafumbua macho, na yalikuwa yamelowa. "Silikumbuki. Nisamehe. Zamani tulipokuwa tunaandika kwa mkono nilikuwa nakumbuka kila shahidi. Ilipokuja mashine tukaacha kusikiliza. Nilikuwa napanga majalada ya kesi inayofuata. Kila mtu mle ndani alijua mashine inaandika."

Hakimu wa kesi ile, alipomtembelea kesho yake, alimwambia kwa upole kwamba hakumbuki lolote, akamtolea nakala ya mwenendo.

*

Mama yake alikuwa ameketi barazani alipofika. Habari za rufaa zilikwishamfikia. Hakuinuka, na shikamoo ya binti yake aliiitikia kwa ncha ya ulimi.

"Umemfungulia," alisema.

"Amekufa, mama. Alikufa mwaka jana gerezani."

Uso wa mama yake haukuonyesha furaha, na Subilaga, aliyekuwa ameapa njiani kwamba hatamwambia zaidi ya hapo, alijikuta amepiga magoti mbele yake na kumwambia yote: kwamba kijana yule alisema, alilia, aliomba radhi kwake yeye, mke wa marehemu, na kwamba alitumwa.

"Alitumwa na nani?"

"Mtu wa hapa kwetu. Alimtaja mahakamani mbele ya watu. Hakuna anayelikumbuka jina."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama."

Mama yake hakulia wala kumfukuza. Alimwondoa taratibu mikono magotini, kama anavyoondolewa mtoto aliyelala, akageuza macho barabarani. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wakipanda na mikungu ya ndizi na magunia ya viazi, na kila aliyepita alisimama kidogo kumsalimia, kwa sababu wote walimjua, na wote walikuwa wamekuja msibani. Alipita mwenye duka la pembejeo, akavua kofia. "Mama Subi, mmeshindaje?" Alipita mzee wa kanisa aliyemsaidia kuezeka nyumba. Alipita diwani wa zamani, akamtania Subilaga kwamba mjini kumemkondesha.

Mama Subilaga alimtazama kila mmoja machoni, muda mrefu, mpaka mtu akaanza kujiuliza kafanya nini. Ndipo akaitikia.

Hivyo ndivyo alivyoitikia salamu za watu mpaka alipokufa.